Joho la Mpira na Ripoti Niliyoandika Bila Kupanda

Vitanzi viwili vya ndani ya joho la mpira ndivyo vilivyomwangusha baba yangu, na mimi ndiye niliyeandika kwamba ni vya kutundikia ukutani. Nalisema hili mwanzoni kabisa, maana najijua. Nikiliacha mpaka mwisho nitatafuta njia ya kulizunguka.

Mwalimu wetu alitugawia madaftari kabla ya likizo, akatuambia tuandike maisha ya nyumbani kwa Kiswahili, tusione haya. Mimi ni mtu wa haya. Nikiitwa kusoma mbele ya darasa sauti yangu hushuka mpaka mwalimu anaweka mkono sikioni. Nyumbani mgeni akibisha, naingia jikoni kupuliza moto ambao unawaka vizuri tu.

Sisi si watu wa huku Kericho. Wazazi wangu walipanda kutoka ziwani nikiwa mgongoni, wakati misitu hii ilikuwa ikifyekwa ipandwe chai. Baba alianza kazi ya kupasua kuni za kiwanda. Alipasua kuni miaka mingi, na bega lake la kulia mpaka leo liko chini kuliko la kushoto. Halafu alijifunza kupanda baiskeli, akapewa kazi ya tarishi wa shamba. Jumanne na Ijumaa hubeba mfuko wa barua na mikebe ya chai ya kuonjwa, akaipeleka Londiani kwenye garimoshi, akalala huko, akarudi kesho yake.

Watu waliobaki ziwani hawaamini nikiwaambia baridi ya hapa mwezi wa saba. Asubuhi ukungu unakaa juu ya chai kama maziwa yaliyomwagika. Mchana mvua, mara nyingine ya mawe, inayotoboa majani na kuacha kichaka kizima kama kimeliwa na mbuzi. Barabara inakuwa uji mwekundu. Baba alikuwa akivaa gunia lililokunjwa pembe ndani ya pembe, likawa kofia na joho kwa pamoja, na gazeti kuukuu kifuani chini ya shati, na soksi mikononi. Njiani ilimbidi asimame kila baada ya kilima kutoa matope kwenye matgadi, vile vibati vya juu ya magurudumu, kwa kijiti, la sivyo gurudumu halizunguki. Tairi likitoboka, gundi ya solusheni haikauki kwa baridi ile, kwa hiyo huweka kiraka kwapani na kutembea huku anasukuma baiskeli, mpaka kiraka kipate joto la kushika. Jioni huipindua baiskeli miguu juu mlangoni kwetu, anaifuta cheni kwa kitambaa, anaitia mafuta ya mashine anayopewa na fundi wa kiwandani, tone moja kila pingili. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila baba hufanya hivyo kabla ya kula.

Msimu wa baridi uliopita mfuko wa barua ulifika Londiani umelowa mara tatu. Mwaka huu akaja mtu mmoja mwenye nyumbu na kigari chenye paa, akamwomba Bwana meneja kazi ya kupeleka barua. Bwana hakumkatalia. Alimwita Baba ofisini, akamwonyesha sanduku lililotoka kwao Ulaya. Ndani mlikuwa na joho la mpira na glavu za ngozi. Karani wa ofisi alieleza maneno ya Bwana hivi: vitu hivi vijaribiwe kwenye mvua, iandikwe ripoti. Mtu na mfuko wakikaa wakavu, baiskeli itabaki na Baba atabaki nayo. Wasipokaa wakavu, nyumbu. Na Baba arudi kwenye kuni.

Mama aliposikia neno kuni alitazama lile bega, akaendelea kupepeta mtama.

Baba hajui kuandika. Alikuwa amemwambia Bwana, "Kijana wangu yuko likizo, anasoma shule ya juu. Atapanda baiskeli, ataenda Kapsoit na kurudi mara tatu na mvua, ataandika yote." Aliniambia hayo akiwa amesimama wima, na bega lilikuwa kama limenyooka. Mimi niliitika tu.

Sasa lazima nieleze habari ya majina. Barabara ya kwenda Kapsoit inapita katikati ya mistari ya chai kwa mwendo mrefu, na wachumaji wako pande zote mbili, vijana wa rika langu wengi, Wakipsigis, Wakisii na wa kwetu. Mikono inachuma, macho yako barabarani. Kila apitaye wanampa jina. Mmoja analitupa, mstari wa pili unalichukua, wa tatu unalitia wimbo, na ukifika mwisho wa shamba jina limekutangulia. Karani mmoja alianguka na chupa ya maziwa akaitwa Maziwa mpaka akaomba uhamisho. Jina la mistarini halina dawa. Mimi walikuwa hawajanipa bado, maana nilikuwa nikipita nyuma, njia ya mtoni, hata kama ni mbali.

Nikalitazama lile joho. Lilikuwa la manjano kama kiini cha yai. Halina mikono, lina tundu la kichwa tu, na mbele limerefushwa mpaka lifunike hendeli. Nilipojiona nimo ndani yake juu ya baiskeli, nikipita katikati ya vijana mia waliovaa magunia, nililikunja upesi.

Jumanne Baba alikwenda Londiani na gunia lake, joho akaniachia mimi pamoja na baiskeli ya kuazima kutoka kwa fundi. Mvua ilinyesha vizuri kabisa, mvua ya kujaribia. Nilitoka nyumbani nikiwa nimelikunja joho kwapani. Nikaenda mpaka nyuma ya bwawa la kiwanda, mahali ambapo hakuna mtu. Nikaiegemeza baiskeli kwenye mkalitusi, nikaifunika kwa joho, nikachota maji kwa debe, nikamwaga. Madebe manane. Nikaingiza mkono chini: pakavu. Nikakaa chini ya mti mpaka wakati wa kutosha kwenda Kapsoit na kurudi ulipopita. Nilisikia baridi hata meno yakagongana, na nakumbuka nilijipongeza kwamba angalau nimeipata baridi.

Jumatano nilifanya hivyo tena. Alhamisi sikufanya chochote. Niliandika.

Niliandika kwa Kiingereza kizuri, kwa mwandiko wa mashindano. Niliandika kwamba joho halipitishi maji hata tone, na hilo lilikuwa kweli. Niliandika kwamba linafaa kupanda na kuteremka, kwamba halimzuii mpandaji, kwamba glavu zina joto. Nikaona ndani ya joho, upande wa mbele, kuna vitanzi viwili vya utepe. Nilivifikiria kidogo. Nyumbani kwetu kitu chenye kitanzi kinatundikwa kwenye msumari. Nikaandika: ndani kuna vitanzi viwili vya kutundikia ukutani ili joho likauke.

Jioni nilimsomea Baba kwa lugha yetu. Alisikiliza amefumba macho kama kanisani. Aliponiomba nisome tena, nilisoma tena. Mara ya tatu alikuwa akisema maneno pamoja nami.

"Mteremko wa darajani ulikuwaje?" aliuliza.

"Ulikuwa mzuri, Baba."

"Upepo wa pale unajua kumkamata mtu."

"Joho ni zito. Halikuinuka."

Nililitamka hivyo, kirahisi.

"Hao wachumaji walikusumbua?"

"Hapana."

Alifungua macho akanitazama, nikadhani amejua. Alikuwa anafurahi tu. "Basi wamekuogopa," alisema. "Wameona msomi."

Ijumaa asubuhi alivaa joho mbele ya nyumba. Mama alicheka, akafunika mdomo. Baba aliingiza mikono kwenye glavu, akapanda, na mfuko wa barua umefungwa kwenye karia nyuma yake, umefunikwa vizuri na mkia wa joho. Alipiga kengele mara mbili, jambo ambalo halifanyi kamwe. Mvua ilikuwa imeanza, nyembamba, ya ubavu.

Saa nne hivi niliwaona wanakuja. Wachumaji sita. Wawili walimshika Baba huku na huku, mmoja alibeba mfuko kichwani chini ya gunia lake mwenyewe, mmoja alisukuma baiskeli iliyokataa kusukumwa kwa sababu gurudumu la mbele lilikuwa limepinda kama tarakimu ya nane, na hao wawili wengine walikuwa wameshika joho lililojaa matope, mmoja kila upande, kama wanavyoshika ngozi ya ng'ombe. Hakuna aliyecheka wala kutupa jina.

"Upepo ulimfunga macho," mkubwa wao alimwambia Mama. "Kwenye ule mteremko. Hii kitu iliruka ikamfunika kichwa, mama. Akawa hapana ona. Aliingia kwenye mtaro na kila kitu."

Baba alikuwa ameshika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia. Kidevu kilikuwa na damu. Aliponiona alisema, "Sijui nimekosea wapi." Aliniambia mimi, kana kwamba ninaweza kumweleza.

Tulikwenda ofisini wote wawili, maana Bwana aliagiza. Ripoti yangu ilikuwa mezani. Barua zilikuwa zimetandazwa sakafuni zikauke, na wino wa bahasha kadhaa umechuruzika. Bwana alikuwa hana hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa kama mtu aliyekwisha kuamua.

"Hii karatasi nasema joho mzuri," alisema kwa Kiswahili chake. "Nasema mteremko mzuri. Sasa wewe nanguka. Nani jaribu hii joho?"

Mdomo wangu ulifunguka. Naliapia daftari hili kwamba ulifunguka. Karani alinitazama. Baba akasema, "Kijana alijaribu sawasawa, Bwana. Ni mimi sikufuata karatasi. Mikono yangu imezoea gunia."

Nami nikafunga mdomo.

Bwana alihesabu kwa vidole: wiki moja. Ijumaa ijayo baiskeli iwe nzima, na ajue kama joho lafaa au halifai. Jumanne barua zitakwenda kwa motokaa yake. Baada ya hapo atamwita mtu wa nyumbu.

Mifupa haikuvunjika, mkono ulikuwa umeteguka. Dresa wa zahanati aliufunga, akamkataza kushika kitu. Kwa hiyo gurudumu lilinijia mimi. Jumamosi tuliipindua baiskeli miguu juu mlangoni, Baba akaketi kwenye kigoda na mkono wake kifuani. Spoki nne zilikuwa zimekatika, fundi alitupa nyingine. Kazi ya kunyoosha gurudumu ni ya subira. Unafunga kijiti kwenye uma kiguse rimu kidogo, unazungusha, unasikiliza. Kijiti kikikwaruza upande huu, unakaza spoki za upande wa pili, robo mzunguko tu, unazungusha tena. Nilikaza kupita kiasi, Baba akasema, "Polepole. Inavutwa na zote, si hiyo moja." Nikalegeza.

Tulifanya hivyo karibu mchana kutwa. Kwaru, kimya, kwaru. Ilikuwa rahisi kusema kwa sababu nilikuwa natazama kijiti.

"Baba, sikwenda Kapsoit."

Hakusikia, au alisikia akaacha nirudie.

"Sikupanda hata siku moja. Niliifunika baiskeli kwa joho nyuma ya bwawa, nikaimwagia maji."

Gurudumu lilizunguka mpaka likasimama lenyewe.

"Kwa nini?"

"Niliona haya. Wachumaji wangenicheka."

Alitazama barabarani. Baadaye alisema, bila ukali, "Mimi wananicheka. Miaka minane, Jumanne na Ijumaa. Wananiita Gunia." Sikuwa nimejua kwamba baba yangu ana jina. Kila mtu kwenye mistari ile alijua ila mimi, niliyekuwa nikipita njia ya mtoni.

Halafu akasema nimletee joho. Mama alikuwa ameliosha. Aliniambia tuipindue baiskeli isimame, nilivae, nikae juu yake palepale mlangoni, yeye ashike karia kwa mkono mzima. Nilikaa. Nilinyoosha mikono kushika hendeli chini ya joho. Vile vitanzi viwili vilikuwa pale pale dole gumba lilipo. Vilinivaa vyenyewe, kushoto na kulia, na joho likanyooka mbele yangu kama meza. Hata nikivuta, haliinuki.

Baba alizunguka mbele, akavitazama.

"Vidole vyangu viliingia pia," Baba alisema. "Ijumaa, nikitoka hapa. Vikaingia. Nikavitoa, nikakunja vile vitanzi kwa ndani. Nikasema hapana, imeandikwa ni vya ukutani."

Hapo ndipo nilipolia, na sikuingia jikoni.

Jumatatu mvua ilianza asubuhi na sikuwa na sababu ya kungoja. Nilifunga mfuko wenye mawe na gazeti kavu kwenye karia, uzito sawa na ule wa barua, nikavaa joho na glavu, nikapita barabara kubwa. Mstari wa kwanza ulinyamaza. Nilidhani labda kwa ajili ya yaliyompata Baba wataniacha. Halafu sauti moja, ya juu, kwa furaha tupu:

"Hema!"

"Hema inahama!"

"Shikilieni kamba, jamani, itachukuliwa!"

"Hema, ndani kuna nafasi? Hapa kunanyesha!"

Niliendesha. Masikio yaliwaka mpaka nikahisi mvua inakaukia juu yake. Kwenye mteremko wa darajani upepo ulinipiga ubavuni, joho likavimba, nikayumba, lakini vitanzi vilishika. Ila breki nazo zilikuwa chini ya joho, na kwa glavu zilizolowa sikuhisi kama nimezishika au la. Nilivua glavu nikazitia shingoni. Kapsoit nilitoa matope kwenye matgadi kwa kijiti. Jasho lilikuwa limenilowesha ndani vibaya kuliko ambavyo mvua ingenilowesha nje. Gazeti kwenye mfuko lilikuwa kavu. Wakati wa kurudi walikuwa wamekwisha kulitia wimbo.

Jumanne nilikwenda tena, na Jumatano. Siku ya tatu yule mkubwa aliyemleta Baba alitoka kwenye mstari na kikapu chake mgongoni, akasimama njiani, ikanibidi nisimame.

"Mzee anaendelea?"

"Anaendelea."

"Mwambie Gunia tunamsalimu." Alilishika joho kwa vidole viwili, akalipima unene. "Sisi hatuletewi hii, sivyo?"

Aliliachilia, akarudi kuchuma.

Ripoti ya pili niliandika Alhamisi, fupi, na mwandiko wangu ulikuwa mbaya kwa sababu vidole vilipasuka kwa baridi. Mstari wa kwanza ulisema kwamba ripoti iliyotangulia iliandikwa na mtu ambaye hakupanda baiskeli, na kwamba tarishi alianguka kwa kuifuata. Kisha nikaandika vitanzi ni vya nini, glavu zina kasoro gani, jasho, upepo, gazeti kavu. Mwisho niliongeza kwamba wachumaji wanafanya kazi kwenye mvua hiyo hiyo na magunia. Niliipeleka mwenyewe. Bwana alisoma amesimama. Alipofika mwisho aliinua macho.

"Sasa wewe nasema kweli?"

"Ndiyo, Bwana."

"Sababu gani mbele nasema uongo?"

Nilitafuta Kiingereza, nikakosa. Nilisema kwa Kiswahili, "Niliogopa kuchekwa," na karani aliyekuwa mezani akacheka, nami nikasimama pale nikichekwa mpaka alipomaliza.

Bwana alisema baiskeli ibaki. Ijumaa hiyo na Jumanne iliyofuata nibebe mimi, halafu mzee. Ya wachumaji hakusema chochote. Ripoti zote mbili alizitia kwenye faili moja, ya kwanza juu, ya pili chini, nikaona mwandiko wangu mzuri ukiingia kabatini.

Baba amerudi kazini sasa. Hakunipiga, hakumwambia hata Mama yote. Jana nilikaza breki zake, nikabadilisha mpira wa nyuma, nikatia mafuta kwenye cheni, tone moja kila pingili, nikamwambia iko tayari kwa Londiani.

Aliinama, akazungusha pedeli kwa mkono, akasikiliza.

"Umepanda?" aliuliza.

Zamani asingeuliza. Nilivaa joho, nikaishusha baiskeli barabarani. Mvua ilikuwa inanyesha na wachumaji walikuwa bado mistarini.